Komedi ya Wagiriki wa kale ni mbili, siyo moja: jinsi Aristophanes na Menander walivyotufikia

Kama umekulia kwenye Biblia ya Kiswahili basi 1 Wakorintho 15:33 umeshaisikia sana, "Msidanganyike, mazungumzo mabaya huharibu tabia njema", wazazi wanaitumia, walimu wanaitumia, wachungaji ndo kabisa. Sasa wataalamu wengi wa maandishi ya kale wanasema huo mstari ni wa mchezo wa kuchekesha, wa mwandishi Mgiriki aitwaye Menander ambaye alikufa zaidi ya miaka 300 kabla Paulo hajaandika ile barua. Yaani maneno ya stejini yalishakuwa msemo wa watu kiasi kwamba Paulo akiwaandikia Wakorintho hakuona haja ya kutaja yametoka wapi.

Naanza na huo mfano kwasababu watu wengi wakisikia komedi ya Kigiriki wanawaza kitu cha makumbusho, sanamu zimekatika mikono, basi. Alafu hata wanaoipenda wengi wanaichanganya, wanaiongelea kama kitu kimoja wakati ni mbili tofauti kabisa zilizopishana karibu miaka mia moja. Ya kwanza ni ya Aristophanes, inawachana wakubwa kwa majina yao. Ya pili ni ya Menander, ya mambo ya nyumbani, baba mkali, vijana wanaopendana, mtumwa mjanja. Na njia zilizozileta mpaka kwetu zinashangaza kweli, maana yule ambaye maandishi yake yalipotea ndo aliyezaa karibu kila komedi ya kifamilia tunayoiona kwenye TV, na yule ambaye maandishi yake yalitunzwa alikaa karne nyingi anasomwa tu madarasani, mpaka karne ya 20 akarudi stejini kwa kishindo. Ukishashika hapo mengine yote yanajipanga.

Twende Athens. Mwaka 486 KK mji uliingiza rasmi komedi kwenye mashindano ya Dionysia, ile sikukuu kubwa ya mungu Dionysus, kabla ya hapo tanzia, yaani michezo ya huzuni, ndo zilikuwa zinashindanishwa. Na yalikuwa mashindano kweli kweli, ya serikali, afisa wa mji anachagua waandishi wa kushiriki, alafu kila mwandishi anapewa tajiri mmoja wa kulipia korasi yake, yaani lile kundi la kuimba na kucheza ambalo kwenye komedi lilikuwa na watu 24, mavazi, mazoezi, mwalimu, vyote juu ya huyo tajiri, kwake ilikuwa heshima na kodi kwa pamoja. Waigizaji wote wanaume, wana vinyago usoni, nguo zimejazwa matumbo na makalio, na uume wa ngozi unaning'inia mbele bila aibu, maana mungu mwenyewe ni wa mvinyo. Waamuzi walipatikana kwa bahati nasibu ili isijulikane mapema nani wa kuhongwa. Baadae ikaongezeka sikukuu nyingine ya kipindi cha baridi, Lenaia, wakati ambao bahari inasumbua na wageni hawajafika, kwahiyo hapo watu wa Athens walisemana wao kwa wao.

Hiyo ishu ya wageni siyo ndogo. Mwaka 426 KK Aristophanes, kijana mdogo wa miaka ishirini hivi, alitoa mchezo kwenye Dionysia mbele ya wageni kutoka miji mingine akausema vibaya uongozi wa Athens, na Cleon, mwanasiasa aliyekuwa na nguvu kuliko wote wakati huo, akamshtaki kwenye baraza kwamba anauaibisha mji mbele za watu wa nje, katikati ya vita na Sparta. Kijana hakunyamaza. Mwaka 424 KK akarudi na mchezo wa Knights, na humo Cleon amegeuzwa mtumwa mwizi na mbembelezaji ndani ya nyumba ya mzee mmoja mzito wa kuelewa anayeitwa Demos, yaani Wananchi, na ili kumwondoa huyo mtumwa inabidi atafutwe mtu mwenye makelele na uongo kumzidi, wanampata muuza soseji wa sokoni, na mchezo wote ni hao wawili wanashindana kumpamba mzee kwa sifa na zawadi, nani atamdanganya vizuri zaidi. Ndani ya mchezo wanasema kabisa kwamba mafundi wa vinyago waliogopa kuchonga sura ya Cleon.

Mchezo ukashinda nafasi ya kwanza. Watu wakacheka, wakashangilia, alafu muda mfupi tu baadae watu hao hao wakamchagua Cleon kuwa jenerali! Mimi hapa ndo huwa nasimama nafikiria sana, maana sisi tunapenda kuamini kwamba dhihaka inaangusha viongozi, na huyu hapa mwandishi mkubwa kuliko wote wa dhihaka ya kisiasa, kwenye mji ambao kura ilikuwa ya wananchi wenyewe, mchezo wake umeshinda na aliyechekwa amepanda cheo. Kwa maoni yangu kazi yake ilikuwa tofauti, ilikuwa ni kuwaweka watu sehemu moja wajione wenyewe kama yule mzee Demos, wajione jinsi wanavyodanganyika, na hilo haliji na matokeo ya uchaguzi.

Upande wa pili dhihaka inaweza kuumiza asiyestahili. Mwaka 423 KK Aristophanes aliandika Clouds, akamweka mwanafalsafa Socrates kwenye kikapu kinachoning'inia hewani, mwalimu wa kufundisha vijana kugeuza uongo uwe kweli ili baba zao wasilipe madeni. Mchezo ulishika nafasi ya tatu, ya mwisho, na aliyeshinda mwaka huo ni mzee Cratinus ambaye Aristophanes alikuwa amemcheka mwaka mmoja nyuma kwamba amekwisha, ni mlevi tu, naye Cratinus akajibu kwa kuandika komedi kuhusu yeye mwenyewe na pombe yake akawapiga wote. Lakini miaka 24 baadae, 399 KK, Socrates alipokuwa anajitetea mahakamani kesi ya kufa na kupona, mwanafunzi wake Plato anaandika kwamba aliikumbusha mahakama ule mchezo, akasema washtaki wake wa zamani na wa hatari zaidi ni hayo maneno yaliyosambaa tangu wengi wao wakiwa watoto, ya Socrates anayening'inia na kutembea hewani. Wakamhukumu kifo. Siwezi kusema komedi ndo ilimuua, siasa za baada ya vita zilikuwa na mkono mkubwa, ila ile picha ilishaingia vichwani mwa watu na hakuna aliyeweza kuitoa.

Sasa Lysistrata, huu ndo mchezo ambao saizi unamtambulisha Aristophanes duniani. Ni mwaka 411 KK, vita imeshachukua miaka 20, na miaka miwili tu nyuma Athens ilipoteza jeshi zima na meli zake kule Sicily, karibu kila nyumba ina msiba. Kwenye mchezo wanawake wa pande zote mbili za vita, wa Athens na wa Sparta pamoja, wanakubaliana kuwanyima waume zao unyumba mpaka wafanye amani. Watu wanakumbuka hiyo sehemu tu. Kuna ya pili ambayo ni muhimu vile vile, wanawake wazee wanaiteka Acropolis, kile kilima cha mahekalu katikati ya Athens, na Acropolis ndo kulikuwa na hazina ya pesa za vita, kwahiyo wamekata vitu viwili kwa mpigo, kitanda na pesa. Alafu kuna mabishano kati ya Lysistrata, mwanamke anayewaongoza wenzake, na afisa wa serikali ambayo kwangu ndo moyo wa mchezo, afisa anasema vita haiwahusu wanawake, Lysistrata anamjibu kwamba inawahusu mara mbili maana wao ndo wanazaa watoto wa kiume na kuwatoa kwenda vitani, na anaendelea, mwanaume akirudi hata akiwa na mvi anaoa msichana mdogo, lakini muda wa mwanamke ni mfupi, ukipita hakuna wa kumuoa, anakaa anatafuta dalili njema kwa waganga. Hayo maneno yamo katikati ya utani wa chumbani, na yalisemwa na mwigizaji mwanaume kwenye mji ambao mwanamke hakuwa na kura. Usimgeuze Aristophanes kuwa mtetezi wa haki za wanawake, hakuwa, michezo yake mingine inawasema vibaya sana, lakini aliwapa hoja nzito na hoja ikishasemwa stejini hairudi mdomoni.

Mwaka 405 KK akatoa Frogs. Sophocles na Euripides wote wamefariki, hakuna mwandishi mkubwa wa tanzia aliyebaki, kwahiyo mungu Dionysus mwenyewe anashuka kuzimu kumleta Euripides, akivuka ziwa na vyura wanamwimbia brekekekex koax koax, na kule chini anakuta ubishi kati ya Euripides na Aeschylus, mwandishi wa tanzia wa kizazi cha nyuma yake, nani mkali, mpaka mistari yao inapimwa kwenye mizani. Mwishoni anarudi na Aeschylus, maana swali limegeuka, siyo tena nani anaandika vizuri bali nani anaweza kuusaidia mji. Na katikati ya mchezo korasi inawageukia watazamaji, kama ilivyokuwa kawaida ya komedi hizo, inaongea nao moja kwa moja ikiwaomba wawasamehe na kuwarudishia haki raia waliokosea kisiasa. Watu waliupenda ushauri huo kiasi kwamba mchezo ukaruhusiwa kurudiwa, heshima iliyokuwa adimu sana.

Mwaka uliofuata, 404 KK, Athens ikasalimu amri. Demokrasia ikarudi baadae, lakini ile komedi ya zamani haikurudi vile ilivyokuwa. Mji umepungukiwa pesa, korasi inapungua umuhimu mpaka kwenye nakala za baadae panaandikwa tu kwamba hapa korasi iimbe, wimbo wenyewe hata haupo. Na michezo ikaanza kusafiri, miji mingi ya Kigiriki ikawa na thieta, sasa mtu wa mji wa mbali utani wa Cleon unamhusu nini? Anataka kitu anachokijua, familia.

Hapo ndo anaingia Menander, aliyezaliwa karibu 342 KK. Aliandika michezo zaidi ya 100 na akiwa hai alishinda mara nane tu, ila alipokufa akawa mwandishi wa komedi anayesomwa kuliko wote. Mchezo wake wa Dyskolos ulioshinda Lenaia mwaka 316 KK unahusu mzee mkulima Knemon anayechukia watu, anafukuza kila mtu shambani kwake, na kijana wa mjini kampenda binti yake. Mzee anatumbukia kisimani, anatolewa na mtoto wa kambo aliyekuwa amemtenga, na akiwa amelala pale anakiri kwamba alidhani binadamu anaweza kuishi bila kumhitaji mtu yeyote na amekosea. Hamna mwanasiasa, hamna matusi ya sehemu za siri, ni watu tu. Na muundo wake utautambua hapo hapo, vijana wanapendana, mzazi anazuia, mtumishi mwenye akili au mpishi mwenye mdomo anachanganya mambo, kuna mtoto aliyepotea anatambulika kwa pete au kitambaa, mwisho harusi. Hiyo skripti umeshaiona mara ngapi?

Imetufikia kupitia Roma. Plautus na Terence, waandishi wa karne ya 3 na ya 2 KK, walichukua komedi hizi za Kigiriki wakazigeuza kwa Kilatini. Plautus aliongeza nyimbo na vituko. Terence alikuwa mtulivu zaidi, na huyu naomba nimtaje vizuri kwasababu jina lake kamili ni Publius Terentius Afer, Afer maana yake mtu wa Afrika, na Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba alizaliwa Carthage, Tunisia ya leo, akapelekwa Roma kama mtumwa, bwana wake akaona akili yake akamsomesha na kumwacha huru. Ameacha michezo sita, minne kati ya hiyo ni ya Menander aliyoifanyia kazi upya. Ule msemo maarufu kwamba mimi ni binadamu na hakuna la kibinadamu lisilonihusu ni wa kwenye mchezo wake. Mchezo wake mmoja, Hecyra, ulikwama mara mbili kwasababu watazamaji walivurugwa na habari kwamba kuna wacheza kamba na wapiganaji sehemu nyingine, akaurudisha mara ya tatu ukachezwa mpaka mwisho. Alikufa kijana, mwaka 159 KK, akiwa kwenye safari ya Ugiriki.

Terence ndo daraja. Kilatini chake kilikuwa kizuri na safi kwahiyo shule za Ulaya zilimfundisha miaka zaidi ya elfu moja, mpaka kwenye nyumba za watawa, na karne ya 10 mtawa wa Ujerumani, Hrotsvitha, aliandika michezo ya kikristo makusudi ili watu wapate mbadala wake. Shakespeare alichukua mchezo wa Plautus wa mapacha waliopotezana akaufanya The Comedy of Errors, akaongeza pacha wengine wawili. Molière alichukua bahili wa Plautus mwenye chungu cha dhahabu akaandika L'Avare mwaka 1668. Waigizaji wa mitaani wa Italia wakawa na mzee bahili, askari mwenye majigambo, mtumishi mjanja, ni wale wale. Kutoka hapo mpaka tamthilia za TV zenye sebule moja, baba mgumu na mfanyakazi wa ndani anayejua siri zote, njia imenyooka kabisa.

Na wakati watoto na wajukuu wa Menander wanajaza majukwaa yote hayo, michezo yake mwenyewe ilikuwa haipo! Ilipotea mwanzoni mwa zama za kati, ikabaki mistari mistari iliyonukuliwa kama methali. Iliyomrudisha ni Afrika tena, mchanga mkavu wa Misri, ambako watu wanaosoma Kigiriki waliishi karne nyingi na karatasi zao za mafunjo hazikuoza. Mwaka 1905 zikapatikana kurasa za michezo yake kadhaa Kom Ishqaw. Mwaka 1958 ndo ikachapishwa Dyskolos karibu nzima kutoka kwenye mafunjo, mchezo pekee wa Menander tulionao kwa ukamilifu huo. Vipande vya mchezo mwingine, Sikyonios, vilibanduliwa kwenye karatasi kuukuu zilizogandishwa kutengeneza ganda la kufunikia maiti, vikachapishwa 1964. Yaani mtu aliyeanzisha komedi ya kimapenzi tumeweza kumsoma mchezo mzima juzi tu, ndani ya maisha ya babu zetu.

Aristophanes yeye maandishi 11 kati ya kama 40 yalipona, walimu wa Byzantium, ule ufalme wa Kigiriki wa zama za kati, walimtunza kwasababu Kigiriki chake kilikuwa cha Athens halisi, kizuri kufundishia, pamoja na uchafu wote. Lakini kuigizwa? Shida ni majina. Utani unaomtaja mtu unakufa na mtu huyo, na ukianza kueleza kwa tanbihi Cleon ni nani kicheko kimeshaondoka. Kwahiyo kila anayemrudisha stejini inabidi aamue, abaki na majina ya zamani au aweke ya leo. Mimi niko upande wa wanaobadilisha, maana Aristophanes mwenyewe aliandika kwa ajili ya watu waliokaa mbele yake mwaka ule, ukimwacha na majina yake umetunza maneno ukapoteza kazi yake. Stephen Sondheim na Burt Shevelove walipofanya Frogs chuo cha Yale mwaka 1974, stejini ikiwa bwawa la kuogelea na Meryl Streep na Sigourney Weaver wakiwa wanafunzi ndani ya korasi, walimtoa Aeschylus na Euripides wakaweka Shakespeare na Bernard Shaw, na mchezo ukaeleweka.

Ugiriki yenyewe ndo ilionyesha kwamba bado anauma. Agosti 1959 mwongozaji Karolos Koun alitoa Birds, mchezo mwingine wa Aristophanes, hapo Athens, kwenye thieta ya kale chini ya Acropolis, muziki wa Manos Hadjidakis, na kuna sehemu kuhani anaomba dua, Koun akamfanya aimbe kama padri wa Orthodox. Waziri akaupiga marufuku mchezo baada ya onyesho la kwanza tu. Mchezo wa mwaka 414 KK, umefungiwa! Mwaka 1962 kundi lile lile likaupeleka Paris likapata tuzo ya kwanza, na leo Aristophanes ni mtu wa kila majira ya joto kwenye thieta ya mawe ya Epidaurus, maelfu wanakaa usiku kumwangalia.

Na Lysistrata ndo imetoka kabisa nje ya thieta. Tarehe 3 Machi 2003, vita ya Iraq inanukia, waigizaji wawili wa New York waliitisha usomaji wa mchezo huo dunia nzima siku moja, ikafanyika zaidi ya mara 1,000 kwenye nchi 59. Vita ikaanza hata hivyo ndani ya mwezi huo huo, kama Cleon alivyochaguliwa hata hivyo. Mwaka 2015 Spike Lee akaihamishia Chicago kwenye magenge ya bunduki, filamu ya Chi-Raq, na ndani yake anatajwa Leymah Gbowee wa Liberia, ambaye wanawake wenzake walitumia mgomo wa unyumba kama sehemu ya kampeni ya kumaliza vita, akapata Nobel ya Amani 2011. Gbowee mwenyewe ameeleza kwamba mgomo ule matokeo yake ya moja kwa moja yalikuwa madogo, ila uliwaletea waandishi wa habari, na waandishi wakishafika unaongea ya maana. Kenya nako mwaka 2009 muungano wa mashirika ya wanawake, G10, uliitisha wiki nzima ya mgomo wa tendo la ndoa kuwashinikiza Kibaki na Raila waache kuvutana ndani ya serikali ya mseto, mwaka mmoja baada ya vurugu za uchaguzi. Sidhani kuna haja ya kusema walimsoma Aristophanes, akina mama hawahitaji Mgiriki awafundishe hilo. Ninachokiona ni kwamba mbinu ni ile ile na inafanya kazi kwa sababu ile ile aliyoiona Gbowee, watu wanakuja kwa ajili ya kitanda wanabaki wanasikiliza habari za watoto waliokufa vitani, ndo alichokifanya Lysistrata na yule afisa.

Kama unataka kuanza kusoma usianze na Clouds kama shule nyingi zinavyofanya, anza na Lysistrata alafu Frogs, tafuta tafsiri ya karibuni maana za zamani zilikata matusi yote na ukikata matusi ya Aristophanes umekata na hoja. Dyskolos iache iwe ya tatu, ni fupi, jioni moja unaimaliza, na ukifika pale mzee Knemon ametolewa kisimani soma taratibu.